Barakoa ya Mwalimu Ranmenike

Mwalimu Ranmenike alipokuja kwangu kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, alikuwa na kidonda juu ya pua. Hakukitaja. Aliketi, akaweka mfuko wake wa kitambaa juu ya meza yangu, akatoa barakoa aliyokuwa ameikunja ndani ya taulo safi, akaisukuma kuelekea kwangu kwa kidole kimoja.

"Kitu hiki na mimi tumeshindwana," akasema.

Kazi yangu ni kuwavalisha watu barakoa za kulalia. Wapo watu ambao pumzi hukatika wakiwa usingizini, tena na tena, bila wao kujua. Daktari huwaandikia mashine ndogo ya kusukuma hewa, inakaa pembeni mwa kitanda, na hewa inapita kwenye mpira hadi kwenye barakoa waliyoivaa usoni. Mashine kuipata si kazi. Kazi ni barakoa. Ikiwa kubwa, hewa inavuja. Ikiwa ndogo, inabana, mtu anaivua usiku na kuitupa chini. Nimekuwa nikifanya kazi hii hapa mjini Kandy kwa miaka tisa, kwenye vyumba viwili vilivyo juu ya duka la dawa, na nilijiona nimeshaijua.

Mwalimu Ranmenike alikuwa mwalimu mkuu wangu nikiwa msichana. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba sasa, amestaafu, lakini mgongo wake ulikuwa bado umenyooka vilevile, na sari yake haikuwa na kunyanzi hata moja. Siku ya kwanza alipoingia na mumewe, Bwana Lokubanda, nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama.

"Wewe si Iresha?" akaniuliza. "Ulikuwa na mwandiko mbaya."

"Bado ni mbaya, Mwalimu."

"Basi ndiyo maana wamekuweka kwa madaktari."

Miaka miwili mfululizo alikuwa anasinzia mchana. Alisinzia hekaluni siku ya Poya, sikukuu ya mwezi mpevu, mahubiri yakiendelea. Alisinzia kwenye harusi ya mpwa wake. Siku moja alisinzia akiwa anapakua wali, upawa mkononi, na hapo ndipo mumewe alipompeleka kwa Daktari Yogarajan bila kumuuliza tena. Alilazwa usiku mmoja akiwa na nyaya kichwani na kifuani. Pumzi ilikatika mara thelathini na nane kwa saa.

Siku ile ya kwanza nilichukua fomu yangu nikaanza maswali. Unapumua kwa pua au kwa mdomo? Kwa mdomo, pua yake imeziba tangu ujana. Unalala chali au ubavu? Ubavu. Fomu ina swali la saba, linauliza kama mgonjwa ana meno ya bandia. Nikamtazama. Meno yake yalikuwa meupe, yamepangika kama wanafunzi asubuhi kwenye mstari. Mumewe alikuwa ameketi pembeni yake, kofia magotini. Nikaona aibu kumuuliza mwalimu wangu mkuu habari za mdomo wake, nikaweka alama kwenye "hapana", nikaendelea na la nane.

Nikampima kwa kile kipimio chetu cha plastiki, kuanzia pale pua inapoanza katikati ya macho, hadi kwenye kibonde kilicho chini ya mdomo. Saizi ya kati. Kwa kuwa anapumua kwa mdomo, nikachagua barakoa inayofunika pua na mdomo kwa pamoja. Nikamfunga mikanda, nikawasha mashine. Hewa haikuvuja hata kidogo.

"Unajisikiaje, Mwalimu?"

"Kama mtu aliyetoa kichwa nje ya dirisha la treni," akasema ndani ya barakoa.

"Wakati wangu abiria walikatazwa kutoa kichwa nje," akasema Bwana Lokubanda. Alikuwa mkuu wa stesheni maisha yake yote ya kazi, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini.

Wakaondoka vizuri. Baada ya wiki moja wakarudi. Hewa inavuja, akasema Mwalimu, inampiga machoni, anaamka na macho makavu kama yaliyokaangwa.

"Na inapiga filimbi," akaongeza mumewe. "Nimekaa reli miaka thelathini na nne. Hakuna treni iliyowahi kupiga filimbi kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri."

Nikamvalisha tena hapo kwenye kiti. Hakuna filimbi. Hakuna uvujaji. Nikadhani labda uso unataka nafasi zaidi akigeuka ubavu, nikampa saizi kubwa. Nikamwambia asikaze mikanda sana, kidole kimoja kiweze kupita chini yake.

Siku ile, Mwalimu alipokwenda msalani, Bwana Lokubanda alinisogelea.

"Binti," akasema, "sisi hatulali chumba kimoja. Miaka kumi na moja sasa. Yeye ana chumba chake upande wa bustani, na anafunga mlango kwa ufunguo. Tangu daktari atuambie zile thelathini na nane, mimi naweka kiti nje ya mlango wake. Nasikiliza kama anapumua."

"Usiku kucha?"

"Nasinzia kidogo kidogo. Nilikuwa nafikiri, barakoa ikikaa sawa, kelele zitaisha, atarudi chumbani kwetu. Nikiwa karibu naye nitalala na mimi."

Nikamwambia itakaa sawa.

Haikukaa. Saizi kubwa ilikuwa mbaya kuliko ya kati. Mwalimu akakaza mikanda, hewa ikavuja, akakaza zaidi, na ukingo wa barakoa ukamchuna ngozi ya pua. Ndiyo siku hii ya tatu ninayoisimulia, barakoa ikiwa ndani ya taulo mezani pangu.

Nikachomoa kadi ya mashine yake, nikaiingiza kwenye kompyuta. Kadi hii inaandika kila kitu: ulivaa saa ngapi, ulivua saa ngapi, hewa kiasi gani imepotea. Nikaona michoro ya usiku, yote myekundu kwa uvujaji kuanzia dakika ya kwanza. Halafu nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitazama mara ya pili alipokuja. Mchana, kati ya saa nane na saa tisa, siku nne, alikuwa amevaa barakoa ile ile. Na hewa haikuvuja.

"Mwalimu, mchana unalala?"

"Najipumzisha. Kwenye kiti cha varandani. Daktari alisema nikisinzia niwe nimevaa, nami nafuata maagizo."

"Mchana haivuji."

"Haivuji," akakubali, kama mtu aliyeshikwa.

"Usiku kuna tofauti gani? Unapaka mafuta usoni?"

"Hapana."

"Nywele unafungua?"

"Nasuka."

"Mto ni mwingine?"

"Iresha," akasema, "hata mkaguzi wa elimu hakuwahi kuniuliza maswali mengi hivi." Sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikitunyamazisha darasa zima. Mumewe akatazama kofia yake.

"Mimi nisingejua," akasema taratibu. "Mlango unafungwa."

Nikautazama uso wake tena. Kidonda, mashavu, taya, mdomo uliobanwa. Na hapo, nikiwa na miaka tisa kazini, nikakumbuka swali la saba.

"Bwana Lokubanda," nikasema, "hicho kidonda kinahitaji dawa ya kupaka. Chini hapo dukani wanayo. Waambie ni ya ngozi iliyochunika, watakuonyesha. Halafu unywe chai hapo jirani, sisi tutachukua muda."

Akaenda bila haraka. Nikafunga mlango nikarudi kuketi.

"Mwalimu, mimi nimekukosea. Siku ya kwanza kuna swali nililiruka. Nilijaza jibu mwenyewe."

Nikamwonyesha swali la saba kwenye fomu.

"Unalala na meno yako?"

Aligeukia dirisha. Niliweza kusikia wauza maua ya lotasi chini barabarani wakibishana. Nilifikiri atasimama aondoke, na kama angesimama nisingeweza kumzuia.

"Mlango umefungwa?" akauliza.

"Umefungwa."

"Nilikuwa na miaka arobaini na tisa," akasema. "Ufizi ulioza. Daktari wa meno akasema yote, ya juu na ya chini. Nilimwambia baba Asela nakwenda Colombo kwenye semina ya walimu wakuu, wiki mbili, kisha nyingine wakati wa likizo. Nilikaa kwa dada yangu. Nikarudi na haya." Akagusa mdomo kwa ncha ya kidole. "Dada yangu ameshafariki. Sasa unajua wewe tu."

"Na Bwana Lokubanda hakugundua?"

"Kwanza nilikuwa nalala nayo. Miaka saba. Mpaka ufizi ukatoka vidonda, daktari akasema usiku lazima yatoke. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukoroma wakati huo. Nikamwambia baba Asela, mkoromo wangu unakunyima usingizi, ngoja nihamie upande wa bustani." Akanyoosha pindo la sari yake. "Alikubali. Yeye kila kitu hukubali."

Nikamwelewa. Nikamweleza kazi yangu kama ilivyo, maana ndicho nilichokuwa nacho. Meno yakitoka, nikamwambia, uso unafupika. Mashavu yanaingia ndani, kidevu kinapanda kuelekea pua. Mimi nilipima uso wa mchana, na barakoa inavaliwa na uso wa usiku. Ndiyo maana ya kati ilivuja, na kubwa ikavuja zaidi. Mikanda haikuwa na kosa lolote, na wala yeye.

"Kwa hiyo unataka niyatoe."

"Nikupime vile unavyolala. Sina njia nyingine, Mwalimu."

Nikamletea bilauri yenye maji na kitambaa, kisha nikageuka nikajishughulisha na makasha ya barakoa kwenye rafu. Nilisikia maji yakigusa bilauri.

"Haya," akasema. Sauti ilikuwa laini, maneno yametepeta kidogo.

Nikageuka. Sitasema alikuwa mtu mwingine. Alikuwa bibi kizee, basi, mwenye macho yale yale makali. Nikachukua kipimio. Kutoka juu ya pua hadi kibonde cha chini ya mdomo, urefu ulikuwa umepungua upana mzima wa kidole changu. Saizi ndogo.

Nikamwomba alale kwenye kitanda, ubavu wa kushoto, na mto chini ya shavu kama nyumbani. Hilo pia nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nikamvalisha ndogo ya aina ile ile, nikawasha hewa. Ikashika vizuri juu ya pua, lakini alipogeuza kichwa ikaachia shavuni na ile filimbi ikalia.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo ninayoisikia."

Nikajaribu nyingine yenye ukingo mnene. Ikabana kidonda, nikaitoa hapo hapo. Ya tatu ilikuwa ya aina ambayo haipandi juu ya pua kabisa. Ukingo wake wa silikoni unakaa chini ya matundu ya pua na kuzunguka mdomo tu. Hii ina kipimo chake, nikapima upana wa pua na mdomo, nikachagua ndogo. Kwanza hewa ikalegeza ukingo upande wa shavu lililoingia. Badala ya kukaza, nililegeza mikanda yote miwili, nikainua barakoa kidogo kutoka usoni ili ukingo ujae hewa, nikaiacha ikae yenyewe. Kisha nikarudisha mkanda wa chini, kidogo sana.

Kimya. Nikamwambia ageuke kulia. Kimya. Nikamwambia afungue mdomo, ameze mate, aongee.

"Niongee nini?"

"Chochote."

"Mwandiko wako nimeuona kwenye hiyo fomu," akasema ndani ya barakoa. "Haukupona."

Kimya bado, hewa ikienda tu. Nikaongeza nguvu ya mashine hadi kiwango ambacho daktari alikuwa ameandika, nikasimama pembeni kusikiliza. Nilikuwa nimekusudia dakika kumi. Baada ya dakika nne mkono wake ulilegea juu ya shuka, na kifua kikaanza kupanda na kushuka taratibu, bila kukatika hata mara moja. Sikumwamsha. Nikasogeza bilauri mbali na ukingo wa meza, nikaketi.

Bwana Lokubanda aligonga kwa kidole. Nikatoka nikauvuta mlango nyuma yangu.

"Amelala," nikamwambia.

"Hapo ndani? Mchana huu?"

"Amelala vizuri. Tumwache."

Alinipa dawa ya kidonda, akaketi kwenye benchi la korido. Nilipochungulia tena baadaye kidogo, na yeye alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, kofia imeanguka chini. Mgonjwa aliyefuata ilibidi aketi kwenye ngazi.

Mwalimu aliamka baada ya dakika hamsini. Alivaa meno yake, akatengeneza sari, akajitazama kwenye kioo changu kidogo.

"Haya yabaki kwenye chumba hiki," akasema.

"Yatabaki, Mwalimu."

"Na nitaendelea kulala upande wa bustani."

"Hilo ni lako mwenyewe."

Wiki mbili zikapita. Nilimpigia simu mara moja, akaniambia amelala kwa muda wa saa sita na nusu na kichwa hakimuumi asubuhi. Halafu siku moja ya mvua akaja Bwana Lokubanda peke yake. Aliacha mwavuli mlangoni, akakataa kiti, halafu akaketi.

"Nimekuja kutafuta mpira mrefu zaidi," akasema. "Wa mashine. Upo?"

"Upo. Ule wa kwanza una kasoro?"

"Hauna. Ni mfupi." Akaanza kufuta kofia yake kwa kiganja. "Binti, wewe ulijua."

Nikajua anasema nini. "Nilijua siku ile uliyokwenda dukani. Sikuwa na ruhusa ya kukuambia."

"Sikulaumu." Akaigeuza kofia upande wa pili. "Yeye huamka saa kumi na moja. Miaka yote. Anabandika chai, nasikia sufuria. Wiki iliyopita, siku moja, saa kumi na mbili ikapita, sufuria kimya. Saa moja ikapita. Mlango siku hizi haufungi, daktari alimkataza. Nikachemsha chai mwenyewe nikaingia nayo, nikijiambia nimechelewa, amekwenda. Nikamkuta amelala kama mtoto. Na bilauri pale."

"Akaamka?"

"Akaamka. Akajifunika kwa shuka mpaka kichwani, na mpira unatoka chini ya shuka." Aliondoa unyevu usiokuwepo kwenye kofia. "Mimi nikaweka chai nikatoka. Nilikuwa na hasira. Sijawahi kuwa na hasira namna ile, hata reli ilipopunguza watu. Si kwa sababu ya meno. Meno ni nini? Mimi mwenyewe nimebakiza sita upande huu. Lakini unajua alipohama, mimi nilidhani nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuna siku nilimwambia anakoroma kama kiwanda cha mbao. Nilisema kwa utani, mbele ya shemeji zangu. Wiki ile ile akahama. Miaka kumi na moja nimejiambia, Lokubanda, mdomo wako ndio uliomtoa chumbani."

Mvua ilipiga bati la paa letu. Nilimmiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa yangu, nikampa na kipande cha sukari guru, akanywa.

"Siku tatu hatukusemeshana," akaendelea. "Anapakua, nakula, naosha sahani yangu. Siku ya nne nikamwambia yote. Ya kiwanda cha mbao. Alikuwa ameshasahau, binti. Hakukumbuka hata kidogo kwamba nilisema. Aliketi akacheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Jana jioni nikamwona anakuja koridoni kuelekea chumbani kwetu, amebeba mashine mikononi, mpira umemzunguka shingoni. Akaniuliza, soketi ya upande wangu iko wapi? Nikamwambia hakuna, upande wako tulishaweka kabati. Soketi ni moja, iko kwangu. Mashine itakaa kwangu, na yeye yuko kule. Mpira haufiki."

"Mngebadilishana pande za kitanda."

Alinitazama kama nimesema kitu kisicho na adabu. "Yeye siku zote hulala upande wa ukuta," akasema.

Nikampa mpira mrefu. Nikamwonyesha jinsi ya kuuchomeka, jinsi ya kuusafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na jinsi ya kuupitisha juu ya ubao wa kitanda ili usivute barakoa akigeuka. Alirudia kila hatua mbele yangu mara mbili, kama mtu anayejifunza alama za bendera za reli, kisha akachukua mwavuli wake akaondoka.

Baada ya miezi mitatu walikuja pamoja kwa ukaguzi. Mwalimu alikuwa amepungua kilo nne, kwa kuwa sasa alikuwa na nguvu ya kutembea hadi ziwani na kurudi, na mtu akipungua uso nao hubadilika, hivyo ilinilazimu nimpime upya. Nikaandaa bilauri na kitambaa. Nikamtazama Bwana Lokubanda, nikitafuta namna ya kumwomba atoke. Mwalimu hakunisubiri. Aliyatoa meno pale pale, akayatia kwenye maji.

Bwana Lokubanda, kwa heshima zake, alikuwa amegeukia dirisha.

"Baba Asela," akasema Mwalimu kwa ile sauti yake ya usiku, "huko nje kuna nini?"

"Mvua."

"Mvua ipo hata nyumbani. Njoo ushike huu mkanda, mtoto huyu ana mikono miwili tu."

Akaja. Akashika mkanda nyuma ya kichwa cha mkewe kwa vidole viwili, kwa uangalifu, akisubiri nimwambie auvute kiasi gani.

"Hapo hapo," nikamwambia. "Usikaze."

Saizi ilikuwa bado ile ile, ndogo. Nikaiandika kwenye fomu, polepole, kwa herufi kubwa zinazosomeka.